Kikosi cha Majeruhi

Mtu aliyekulia kwenye ubishi wa saluni za kunyolea za Kariakoo hawezi kutishwa na ubishi wowote duniani. Ukishamsikia mzee wa Yanga na kijana wa Simba wakigombania mechi iliyochezwa kabla kijana hajazaliwa, na kijana ndiye anayesema kwa uhakika zaidi, umehitimu. Kwa hiyo nilipohamia Edmonton, huko Alberta, Canada, nikakuta watu wanatoana jasho kwa hoki ya barafuni wakati nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, sikuona ugeni. Iliyokuwa ngeni ni barafu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila timu huwa na watu sita uwanjani, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wote wanateleza kwa viatu vyenye makali chini, magongo mkononi, wakikimbiza kisahani cha mpira mgumu ambacho hugandishwa kwanza ili kisidundedunde. Wakipigana ngumi, mwamuzi huwangoja wamalize, kisha huwaweka kando dakika tano, halafu wanarudi kuendelea na kazi kana kwamba walikwenda msalani. Hayo yanatosha kwa leo.

Ghalani tunakofanya kazi tuko watano wenye ugonjwa huu. Kuna Mzee, dereva wa foklifti, mzaliwa wa Edmonton, anayekaribia kustaafu. Kuna Mkongomani wa Bukavu aliyekulia Montreal, kwa hiyo Kiswahili chake na Kifaransa chake vyote vinashangilia timu ya huko, Canadiens. Kuna Mkenya ambaye kabla ya kuja huku alishateleza kwenye ule uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, na tangu hapo anajihesabu mtaalamu. Kuna Mcheki, mtu wa maneno machache. Na kuna mimi.

Jumamosi moja ya Januari walikuja kwangu, theluji ikaanguka hadi magari yote yakafunikwa, na hakuna aliyeweza kuondoka. Ndipo Mkenya akaleta wazo: kila mtu aunde timu bora ya wakati wote, wachezaji sita na mmoja wa akiba. Tunachagua kwa zamu, na anayechagua wa mwisho raundi hii anakuwa wa kwanza raundi ijayo. Mchezaji akishachukuliwa, amechukuliwa. Timu itakayoshinda, mwenye nayo atakaa ndani anywe chai. Wanne wengine watatoka kufukua magari.

Tukapiga kura ya vikaratasi. Mzee akapata nafasi ya kwanza, mimi ya mwisho. Wakanipa pole, nami nikaipokea kwa sura ya huzuni, kwa sababu nilikuwa nawajua wenzangu. Hawa si watu wa kuchagua wachezaji. Ni watu wa kuchagua kwao.

Mzee hakufikiri hata sekunde. Wayne Gretzky. Hapo huwezi kumlaumu: mabao 894, pasi za mabao 1,963, jumla pointi 2,857, na jezi yake namba 99 imestaafishwa ligi nzima ya NHL, si klabu moja tu. Aliipa Edmonton makombe manne ya Stanley, ya ubingwa wa ligi, kisha tarehe 9 Agosti 1988 akauzwa Los Angeles, na mbunge mmoja akaitaka serikali ya nchi izuie biashara hiyo. Mzee siku hiyo hajaisamehe mpaka leo.

Mkongomani akamchukua Maurice Richard, mtu wa kwanza kufunga mabao 50 katika mechi 50, msimu wa 1944–45. “Alipofungiwa mwaka 1955, Montreal ilifanya ghasia usiku mzima,” akasema. “Ninyi Gretzky alipouzwa mlivunja kioo gani?” Mzee akatazama dirishani. Mcheki akamchukua Jaromír Jágr. Mkenya akamchukua Sidney Crosby, na sababu yake haikuwa hata lile bao la dhahabu la Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Sababu ni kwamba mwaka 2018 timu ya Ice Lions ya Kenya ilipoletwa Canada, Crosby na Nathan MacKinnon waliingia barafuni kucheza nayo. “Alicheza na sisi,” akasema, kwa sauti ya mtu ambaye pasi ilimpitia yeye.

Zamu ikanifikia, mara mbili mfululizo, na mezani bado yuko Bobby Orr na bado yuko Mario Lemieux. Nikawachukua wote wawili kabla chai haijapoa.

Orr ni beki pekee aliyewahi kuongoza ligi nzima kwa pointi, tena mara mbili. Ile picha yake ya tarehe 10 Mei 1970, akiwa hewani mikono imenyooka baada ya kuifungia Boston bao la ubingwa, ni maarufu kuliko wachezaji wengi. Lemieux naye, siku ya mwisho ya mwaka 1988, alifunga mabao matano katika mechi moja kwa njia tano tofauti: timu zikiwa sawa, timu yake ikiwa imezidi mtu, ikiwa imepungukiwa, kwa penalti, na kwenye goli tupu. Nani mwingine angewaacha watu hawa wafike nafasi ya tano? Wenzangu, kwa sababu mmoja alicheza Boston na mwingine Pittsburgh, na hapakuwa na mtu wa Boston wala Pittsburgh mezani.

“Magoti,” Mzee akanong’ona. Nikajifanya sikusikia.

Raundi zilizofuata zilikwenda hivyohivyo. Mzee akamchukua Mark Messier, akamchukua Paul Coffey, akamchukua Jari Kurri, na golini akamweka Grant Fuhr. Mkenya akamwambia hiyo si timu ya wakati wote, hiyo ni Edmonton ya mwaka 1985. Mzee akajibu kwamba Edmonton ya mwaka 1985 ndiyo wakati wote. Mkongomani akajaza Montreal. Mcheki akamweka Dominik Hašek golini, akamkumbusha Mzee kwa upole Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, pale nusu fainali ilipofika kwenye penalti na Hašek akawazuia Wakanada wote watano, Gretzky akiwa amekaa benchi. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyomsikia akisema. Mkenya akamchukua Alexander Ovechkin, aliyeivunja rekodi ya mabao ya Gretzky tarehe 6 Aprili 2025, na Mzee akatoka kidogo kwenda kupunga hewa jikoni. Kisha Mkenya akaniumiza mimi: akamchukua Jarome Iginla. Baba yake Mnigeria, katikati ya majina yake yamo Adekunle na Elvis, mabao 625, na ndiye aliyempa Crosby pasi ya lile bao la Vancouver. Nilikuwa nimemwekea nafasi.

Lakini hakuna aliyemgusa Gordie Howe! Mtu aliyecheza ligi kuu mpaka akiwa na miaka 52, akiwa timu moja na wanawe wawili. Gretzky mwenyewe utotoni alimhusudu Howe kiasi cha kutaka jezi yake namba 9, na ni kwa sababu ilikuwa na mwenyewe ndipo akaishia na 99. Nikamchukua, pamoja na kipa Glenn Hall, aliyedaka mechi 502 mfululizo, kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, uso wazi, bila kinyago. Beki wa pili nikamchukua Bobby Baun wa Toronto. Winga wa kushoto, Willie O’Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi ya NHL, tarehe 18 Januari 1958.

Kelele zikaanza. O’Ree alicheza mechi 45 tu na kufunga mabao manne. Anakaaje timu moja na Lemieux? Nikawaambia hivi: hao wengine wote mlango waliukuta wazi. Na bado naamini hivyo, hata kama takwimu zinanuna. Akiba nikamwandika Hayley Wickenheiser, dhahabu nne za Olimpiki, mwanamke aliyekwenda Finland mwaka 2003 akafunga kwenye ligi ya wanaume ya kulipwa.

Ikaja kura ya nani mshindi. Kila timu ikapata kura moja. Tukarudia; kila timu ikapata kura moja. Hapo sauti zikapanda, Mzee akagonga meza, vikombe vikaruka, na juu ghorofani mlango ukafunguliwa.

Mke wangu ni muuguzi. Wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku, maana yake saa nane mchana kwake ni usiku wa manane. Akashuka amejifunga kanga, macho mekundu, akatutazama mmoja mmoja. Akikasirika hazungumzi Kiingereza.

“Mnagombania nini?”

“Shemeji, samahani sana,” Mkenya akawahi. “Tunahitaji tu refa. Mtu asiye na timu.”

Akavuta kiti na karatasi yangu akaanza nayo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Yeye hoki haimhusu kabisa. Akauliza swali la kazini kwake: “Huyu wa kwanza ana tatizo gani?”

Nikajibu hana. Mkongomani akadakia: “Dada, goti la kushoto. Amepasuliwa hata hesabu imepotea. Ameacha mpira na miaka 30.”

“Na huyu Lemieux?”

Hapa nilieleza mwenyewe, maana ni habari ya kujivunia. Januari 1993 alikutwa na saratani ya tezi za limfu. Tarehe 2 Machi akamaliza mionzi asubuhi, akapanda ndege kwenda Philadelphia, na usiku uleule akacheza akafunga bao, mpaka mashabiki wa wapinzani wakasimama kumpigia makofi. Akamaliza msimu akiongoza ligi, pointi 160 kwa mechi 60.

“Siku ileile ya mionzi?” akauliza mke wangu. “Nani alimruhusu kutoka?”

“Tena na mgongo ulikuwa mbovu,” Mkenya akaongeza, msaliti.

Hall: kabla ya mechi alikuwa anatapika, na aliamini asipotapika hadaki vizuri. “Mechi 502? Na hakuna aliyemchunguza?” Howe: mwaka 1950 aligonga ukingo wa uwanja, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, na msimu uliofuata akaongoza ligi kwa pointi. Baun: fainali ya mwaka 1964 alitolewa kwa machela, akachomwa sindano ya ganzi, akarudi, akafunga bao la ushindi kwenye muda wa nyongeza juu ya mguu uliovunjika. Nilipofika kwa O’Ree nilikuwa naongea taratibu. Jicho la kulia halikuwa likiona. Kisahani kilimpiga akiwa kijana, naye akaificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza.

Mke wangu akaiweka karatasi chini. “Mume wangu, hii si timu. Hii ni wodi.”

Nikakata rufaa papo hapo. Wickenheiser alisomea udaktari baada ya kustaafu, ni daktari kamili, kwa hiyo timu yangu ndiyo pekee yenye tabibu wake benchini.

“Naye ni mchezaji wenu?”

“Wa akiba.”

“Basi ana maslahi. Hawezi kusaini. Timu hii haina ruhusa ya kucheza.”

Wenzangu walicheka kupita kiasi, nami sikukubali kufa peke yangu. Nikamwambia na Gretzky, mgongo ulimkosesha mechi 39 msimu wa 1992–93. Mkenya akamtafsiria Mzee, na Mzee, badala ya kunyamaza, akajibu kwamba mgongo huo aliumizwa akiichezea nchi yake, akathibitisha mashtaka. Timu ya Mzee ikaondolewa. Mzee kwa hasira akamtaja Crosby, aliyepigwa kichwani mwaka 2011 na kukaa nje miezi mingi. Ya Mkenya ikaondolewa. Mtikisiko wa ubongo, mke wangu alisema, hauna mjadala. Mkenya akamgeukia Richard, aliyevunjika mguu msimu wake wa kwanza tu Montreal. Mkongomani akapiga kelele kwamba alipona. “Wote husema wamepona,” akajibu mke wangu.

Muda wote huo Mcheki, ambaye Kiswahili chake kinaishia “asante”, alikuwa kwenye sahani ya vitumbua. Hakumshtaki mtu, na hakuna aliyekumbuka kumshtaki. Mke wangu akaitazama karatasi yake, akauliza kuna mgonjwa humu, tukatazamana. Mkongomani, ili aonekane mwenye haki, akasema huyu Jágr alizaliwa mwaka 1972 na ameendelea kucheza kwao Kladno hata baada ya kutimiza miaka hamsini.

“Huyu ndiye mzima,” akasema mke wangu. “Ameshinda. Ninyi wengine makoleo yako nyuma ya mlango. Nisisikie sauti.”

“Asante,” akasema Mcheki.

Tulifukua kimyakimya, pua zimeganda. Gari la Mcheki ndilo lililokuwa limezama zaidi, na tulipolifikia akagonga dirisha kutuonyesha kikombe. Hapo ndipo Mzee aliposimama wima katikati ya theluji. Mzee wa Edmonton hasahau balaa lolote lililowahi kuipata Calgary, mahasimu wao. Na msimu wa mwisho wa Jágr kwenye ligi ya NHL, wa 2017–18, ulikuwa Calgary: mechi 22, bao moja, na majeraha yasiyokwisha mpaka wakamrudisha Kladno.

Akalitupa koleo. Sisi tukayatupa yetu nyuma yake, tukapanda ngazi wote wanne kwa pamoja tukibishana ni nani atakayemwamsha tena mke wangu.