Niliomba Moja

Jumatatu. Lifti imekufa tena. Nimebeba gunia la mchele kwa ngazi hadi juu. Shangazi alikuwa mlangoni: chumvi iko wapi? Chumvi haikuagizwa.

Usiku nimejaribu kuweka fermioni moja, aina ya chembe kama vile kwaki, kwenye latisi, yaani anga na wakati vikatwe kuwa nukta ili kompyuta ivimudu. Niliomba moja, zikaja 16. Programu haina kosa. Kila upande huzidisha mara mbili, na pande ni nne ukihesabu wakati.

Jumanne. Pale makutano ya barabara za Albion na Kipling basi limetupita, tupu. Dereva ametupungia mkono.

Nimetumia dawa ya Kenneth Wilson ya miaka ya 1970: unaongeza kipande kwenye mlinganyo, zile 15 zisizoalikwa zinakuwa nzito mno hata hazisumbui. Gharama yake ni kuvunja ulinganifu wa mkono wa kushoto na wa kulia. Nielsen na Ninomiya walithibitisha mwaka 1981 kwamba hakuna njia rahisi ya kupata vyote viwili, fermioni moja na ulinganifu huo.

Nimerudi chumba cha kufulia. Glavu zilizobaki zote ni za kushoto.

Jumatano. Kazi yangu bado iko foleni kwenye kompyuta kuu. Amekuja mgeni wa Shangazi, mama wa Lamu. Nimemwamkia shikamoo, akauliza nasomea nini. Fizikia. Amenikabidhi redio.

Alhamisi. Kazi imeanza. Fermioni hazikubali namba za kawaida: ukizibadilishia mbili nafasi, alama inageuka hasi, ukizidisha moja kwa yenyewe, sifuri. Basi unaziondoa kwanza kwa kalamu, inabaki determinanti, namba moja inayotoka kwenye matriksi kubwa. Latisi yangu ina nukta 32 kila upande. Kwa kwaki, kila nukta hubeba namba 12, kwa hiyo matriksi ina safu 12,582,912. Hakuna anayekokotoa determinanti hiyo waziwazi. Mbinu ya mwaka 1987, Monte Carlo chotara, huizunguka kwa kutatua milinganyo mingi, tena na tena. Kadiri kwaki ilivyo nyepesi, ndivyo mbinu inavyokawia. Kwaki yangu ni nyepesi.

Redio ilikuwa haina betri. Mama wa Lamu anasema mimi ni mtaalamu.

Ijumaa. Nimetaka kwaki zizidi antikwaki, kama zilivyo ndani ya nyota za nyutroni. Determinanti imekuwa namba changamano, na Monte Carlo huitumia kama uwezekano, ambao hauwezi kuwa namba changamano. Troyer na Wiese walionyesha mwaka 2005 kwamba dawa moja ya kuponya maradhi haya yote haitarajiwi. Nimemwandikia msimamizi wangu hayo, amejibu kwa neno moja: "Naam."

Shangazi amechomoa kompyuta yangu ili achomeke blenda. "Mwanangu, si ulikuwa umekaa tu?"