Mchwa Hajaiba Kitu

Fundi aligonga fremu ya mlango wa stoo kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu. Akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi pingili ya kwanza. Rangi ilikuwa nzima kabisa, nyeupe, ya mwaka juzi. Nyuma ya rangi hapakuwa na mninga tena. Palikuwa na udongo mwembamba uliofinyangwa kwa ustadi, na mchwa kadhaa waliokuwa wakipishana bila haraka wala aibu.

"Mzee," akasema fundi, "hapa umebakiwa na rangi."

Ndani ya stoo mlikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku vyeti vyangu vyote, kuanzia cha darasa la saba hadi diploma ya ualimu. Kilichopona ni kimoja tu, kwa sababu kilifunikwa plastiki: cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikawatazama wale wadudu kwa muda mrefu, na nilipoinuka nilikuwa wakili wao.

Naanza na kashfa. Mtu akitafuna fedha za umma, magazeti yetu humwita mchwa. Huu ni uonevu, tena wa wazi. Fisadi akishakula, mali inaondoka wilayani na hairudi. Mchwa akishakula, kila kitu kinabaki palepale kijijini, kimehama tu kutoka kwenye mlango wako kwenda kwenye mchicha wa jirani. Unaweza kulalamika kuhusu mgawo. Wizi usiutaje.

Tuchukue hesabu ya mlango huo. Mninga ulipokuwa hai porini, ulinasa sehemu ndogo sana ya jua lililouangukia, ukaigeuza kuwa mti. Nishati hiyo ndiyo pilau ya shughuli: ikishaliwa imeliwa, haipikwi mara ya pili. Anayekula huchoma sehemu kubwa kwa kupumua na kutembea, ikapotea kama joto, na anayemla yeye hupata takriban sehemu moja ya kumi. Mwanaikolojia kijana wa Marekani, Raymond Lindeman, aliipanga hesabu hii ngazi kwa ngazi baada ya kukichunguza kiziwa cha Cedar Bog kule Minnesota. Wahakiki waliikataa kwanza makala yake, wakiona nadharia imezidi takwimu. Ilichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 26.

Lakini pilau haipikwi hewani. Kuna masufuria. Naitrojeni, fosforasi, kalsiamu na wenzao ndio yale masufuria makubwa ya kuazima, yanayozunguka mtaa mzima: leo kwa mama huyu, Jumamosi ijayo kwa yule. Jua huja upya kila asubuhi, lakini masufuria ni yaleyale. Mtu mmoja akiyafungia ndani, arusi inayofuata haipikiki hata mchele ukiwepo. Sasa mti mkavu ni nini kama si masufuria yaliyofungiwa? Na diploma niliyoitunza miaka thelathini bila kuisoma hata mara moja?

Mchwa ndiye yule mama mwenye sauti, anayepita nyumba hadi nyumba kuulizia masufuria.

Kazi yenyewe si ndogo. Mbao na majani makavu yamejengwa kwa selulosi na lignini, vitu ambavyo sisi tukivila vinapita kama vilivyoingia. Mchwa wa vichuguu vikubwa naye alishindwa, akaamua kuajiri. Hutafuna ubao, huutoa nyuma ukiwa bado haujameng'enyeka vizuri, kisha huujenga kuwa vitalu vyenye vishimo kama sega la nyuki. Juu yake huotesha kuvu. Kuvu huvunjavunja kilichoshindikana, na mchwa hurudi kula kitalu kilichoiva. Kilimo hicho ana mamilioni ya miaka nacho. Siku kuvu lenyewe linapotoboa udongo na kuchanua, sisi huchukua kikapu tukaenda kuchuma uyoga, na hakuna anayemshukuru mkulima.

Kiangazi, pindua kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Juu kina ganda gumu, ukikanyaga linavunjika kama mkate mkavu; chini ni utupu uliokandikwa udongo. Mavi yenyewe yameshashushwa ardhini, mwezi ambao wadudu wengine wa mavi wamelala wakingoja mvua.

Halafu mvua za kwanza zinanyesha na bahili huyu anatoa sadaka. Jioni moja kichuguu hupasuka, kumbikumbi wakamiminika kwenye taa ya barazani. Watoto huweka beseni la maji chini ya taa. Kuku hukataa kuingia bandani. Mijusi na vyura hula mpaka wakashindwa kuruka. Asubuhi sakafu imejaa mabawa kama maganda ya vitunguu. Ukiwakaanga, usitie mafuta, wanayo yao, nyunyiza chumvi tu. Akiba ya msimu mzima, iliyotoka kwenye vijiti visivyolika hata na mbuzi, imegawiwa mtaa mzima kwa usiku mmoja. Katika maelfu hao, ni jozi chache zitakazopata nafasi ya kuanzisha kichuguu kipya. Nitajieni tajiri mwingine anayetoa kwa kiwango hicho.

Hata sifa zake huchukuliwa na wengine. Mwaka 1960, kule Gombe mkoani Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka unyasi kichuguuni na kuutoa ukiwa umejaa mchwa. Dunia ikashangaa: kumbe si binadamu peke yake anayetengeneza zana! Sokwe akawa mashuhuri. Aliyeuma ule unyasi hakutajwa.

Kenya walau walimtendea haki. Watafiti waliofanya kazi Mpala, Laikipia, walichapisha mwaka 2010 kwamba vichuguu vya mbugani vimepangika kwa umbali unaokaribia kulingana, na kwamba karibu navyo mimea hustawi zaidi, na buibui na mijusi ni wengi zaidi kuliko mbali navyo. Viwanja vimepimwa bila mpima ardhi, na hakuna kesi ya mpaka. Mkulima wa kusini mwa Afrika alilijua hilo kabla ya makala: hubomoa kichuguu akatawanya udongo wake shambani.

Makosa anayo, sitayaficha. Tumboni mwake hutoka methani, gesi inayoongeza joto duniani, japo mwenye ng'ombe hamsini asiwe wa kwanza kumnyooshea kidole. Hula mahindi machanga. Hula nguzo ya uzio iliyopakwa oili chafu mara mbili. Na hatofautishi kati ya gogo lililoanguka na mlango uliolipiwa.

Fundi alinisikiliza yote haya huku akibandua mabaki ya fremu, kwa heshima anayopewa mtu aliyefiwa. Tukakubaliana fremu mpya iwe ya chuma. Kisha akapendekeza tuchimbe kichuguu kilichoko nyuma ya choo, tumtoe malkia, tumwage dawa, yaishe. Nikakataa. Mke wangu amepanda maboga ubavuni mwa kichuguu hicho na majani yake ndiyo mboga yetu ya wiki mara tatu.

Hakubishana. Alikusanya vifaa, akazunguka nyuma ya choo, akarudi na bonge la kichuguu la ukubwa wa ngumi, akalifunga kwenye gazeti kwa uangalifu.

"Mama watoto ni mjamzito," akasema, kidogo kwa haya. "Ameagiza udongo."

Nilitaka kumwambia kwamba humo ndani huenda mna diploma yangu. Nikamwacha aende. Mtoto akizaliwa mwalimu, hatutadaiana.