Usimvue Mgeni Nguo: Mwongozo wa Kutunza Pamu ya Sebuleni

Huku Ujiji, Kigoma, mchikichi tunauheshimu. Unatupa mawese ya kuungia maharage na migebuka, unatupa mise, mafuta ya kokwa zake, ya sabuni, na hakuna anayeuamkia na mkasi. Lakini ndugu yake wa Madagaska, areka, ambaye wauza maua humwita pamu, akiingia sebuleni tu tunaanza kumkatakata kila tukiona jani la njano. Ndugu msomaji, huyo ni mgeni, na mgeni havuliwi nguo. Mtunze hivi.

1. Mpe kiti chake. Kigoma Ziwa Tanganyika liko magharibi, kwa hiyo dirisha linalotazama maji hupokea jua kali la saa kumi, likielekea milima ya Kongo. Likipita kwenye kioo, linababua majani. Mweke hatua mbili ndani, au nyuma ya pazia jepesi. Chungu kiwe na tundu chini. Mgeni halazwi miguu ikiwa majini.

2. Mnyweshe maji ya mvua. Maji ya Tanganyika yana magadi; pH yake huzidi 8.5, na pamu hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Akinywa ya ziwa miaka nenda rudi, madini ya chuma yanakwama udongoni na majani machanga yanatoka yamepauka. Kuanzia Oktoba hadi Mei, kinga ya bati. Kabla ya kumimina, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandamana, mwache. Kikitoka kikavu, mimina mpaka maji yachuruzike chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani.

3. Mwogeshe. Kiangazi cha Juni hadi Septemba vumbi humziba. Chukua kitambaa chenye unyevu, mkono mmoja ubebe jani kwa chini, mwingine ufute, jani kwa jani.

4. Mnyoe kwa adabu. Jani la njano si maiti. Mti unapopungukiwa potasiamu, huitoa kwenye jani kuukuu na kuipeleka kwa changa. Ukilikata mapema, umempokonya tonge likiwa njiani. Atachota kwenye jani linalofuata, nalo litageuka njano, nawe utarudi na mkasi. Mpe mbolea, halafu ungoje jani likauke lote, liwe na rangi ya bahasha ya kaki. Hapo futa mkasi kwa spiriti, kata karibu na shina, acha kikonyo cha urefu wa pingili moja ya kidole. Ncha zilizoungua zipunguze, lakini bakiza uzi mwembamba wa kahawia. Ukigusa kijani umefungua kidonda kipya.

5. Moyo usiguswe. Mtazame mvunaji wa michikichi akiwa juu, kamba kiunoni, panga mkononi. Anakata kuti linaloziba mkungu ulioiva, anayaacha yanayobeba mikungu michanga, na ule mkuki wa majani yaliyofumba kileleni haugusi kabisa. Shina la jamii hii lina moyo mmoja tu. Ukikatwa, halichipui ubavuni kama mwembe. Mkulima aliyepanda tenera, aina inayohimizwa Kigoma tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozindua kampeni ya michikichi mwaka 2018, husubiri miaka 3 au 4 kabla ya kuvuna. Hawezi kuuchezea moyo huo.

Jirani yangu alitaka pamu yake itanuke, akakata kichwa cha kila shina. Mwezi wa tatu alibaki na chungu cha vijiti. Niliumia, kwa sababu miti ile alikuwa anaipenda kweli. Aliikosea kwa haraka tu.

Wiki hii pamu yangu imetoa mkuki mpya, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na unaanza kufumbuka. Chini kabisa kuna jani la njano. Wageni wananiuliza kwa nini silikati. Nawaambia bado linamlisha mdogo wake.