Sauti Zisizo na Wenyewe Jukwaani

Fedheha iliyonifika juzi barazani kwangu hapa Raskazone, Tanga, mbele ya wageni wa heshima na mabirika mawili ya kahawa, ingali ikiniwasha kama upupu, na linalozidi kuniudhi ni kwamba aliyenifedhehesha hakukusudia ila kuuliza.

Nilikuwa nimewaalika jamaa wasikilize jinsi kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, lilivyoupiga wimbo mmoja, “Bohemian Rhapsody”, katika majukwaa mawili: Wembley, London, tarehe 12 Julai 1986, na Népstadion, Budapest, tarehe 27 ya mwezi ule ule. Nilinuia kuwathibitishia kwamba hakuna usiku wa muziki ulio pacha wa mwingine. Kwamba sauti aliyoipandisha mwimbaji leo huenda kesho akaishusha ili kulinusuru koo lake. Na kwamba mtu yule yule aliyewatawala Waingereza kwa ishara ya mkono, kule Hungaria aliimba wimbo wa kienyeji kwa lugha ya huko huku maneno ameyaandika kiganjani. Siri ya sehemu ya katikati, ambayo ndiyo johari ya mhadhara wangu, niliiweka akiba niifunue mwishoni, kwa taadhima, baada ya kashata.

Shangazi wa mke wangu, bibi aliyekulia katika taarabu ya Black Star Musical Club, asiyejua Kiingereza wala asiyetamani kukijua, alisikiliza usiku wa kwanza akitikisa kichwa. Uliposhika wa pili akakiweka kikombe chini.

“Mwanangu,” akasema, “hawa hapa kati wamekwenda wapi? Mwanzo wanahema, mwisho wanahema, lakini hapa hawavuti hata pumzi, na ni vile vile kama kule kwa kwanza. Wametoka kunywa chai?”

Baraza zima likaangua kicheko, na kuanzia hapo kila mwenye swali alimwelekea yeye, nami nikabaki mwenye kumimina kahawa.

Nipewe basi ruhusa ya kueleza hapa nilichonyang'anywa kule. Wimbo huo uliporekodiwa mwaka 1975, watu watatu wa kundi hilo, yaani Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliimba sehemu ile ya katikati tena na tena, sauti juu ya sauti, katika utepe wenye njia 24. Na njia zilipojaa, sauti zilizokwisha kuimbwa zilichanganywa na kuhamishiwa njia chache ili nyingine zipate nafasi, mpaka tabaka hizo, kama inavyosimuliwa, zikafikia takriban 180, na utepe ukachakaa kwa kupitishwa mno mashineni hata mwanga ukaweza kupenya. Sasa, jeshi hilo la waimbaji, ambalo kwa hakika ni watu watatu tu, litasimamaje jukwaani? Haliwezi. Kwa hiyo walichofanya ni kuondoka: taa zikacheza peke yake, utepe wa studio ukaimba, nao wakarudi kwa kishindo pale magitaa yanapolipuka. Sahani yao iitwayo Live Magic, iliyotoka mwaka ule ule wa 1986, iliikata sehemu hiyo kabisa, jambo ambalo mimi naliona ni jinai.

Sitasimulia habari ya jana, mpangaji wangu alipokuja kuuliza, gitaa la Brian May likiwa katika kilele chake, kama nimenunua mashine ya kukoboa. Wala ya leo asubuhi, muuza samaki aliponiamkia, “Shikamoo, mzee wa jukwaa tupu.”

Walakini kicheko kikiisha, hubaki jambo lisilochekesha. Watu wa Queen, utepe ulipoimba, walitoka. Hawakusimama wakijifanya ndio waimbao. Nami nimelipa kiingilio kamili katika kumbi za siku hizi, nikamwona mwimbaji amekishika kipaza sauti kilichozimwa, akifumba na kufumbua midomo, jasho likimtoka kwa kucheza, huku sidii ikiimba kwa niaba yake; na pleibeki hiyo inaitwa onesho, na anayelalamika huambiwa mshamba.

Tena, pumzi za Mercury za Budapest ninazo zote, lakini za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga hii hii zilizowakesha wazee wetu, nilichonacho ni santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi, ambamo wimbo hukatwa katikati pale unapoanza kunoga, ukaigeuze santuri upande wa pili upate kuumalizia. Mkanda wa usiku wao mmoja mzima, na vishindo vya wachezaji na makosa ya wapigaji, sijapata kuutia mkononi, wala simjui aliye nao. Waliopiga muziki kwa mikono yao, kwa nijuavyo, hawakuhifadhiwa hata usiku mmoja. Watakaodumu ni hawa wa pleibeki, kwa kuwa onesho lao limo ndani ya sidii hata kabla halijafanyika.