Muuaji Ametajwa Ukurasa wa Kwanza

Kila ikifika Desemba watu hushikwa na homa ya kuvipanga vitu kwa ubora. Wimbo bora wa mwaka, bao bora la mwaka, hata mshenga bora wa mwaka. Sasa homa yenyewe imefika mpaka kwenye turubai langu la vitabu. Wateja, hasa wale wasionunua, wananiinamia na kuuliza: "Mzee, riwaya zako bora za upelelezi za mwaka huu ni zipi?"

Za mwaka huu! Mtu anaona kabisa nauza vitabu vya mtumba, kushoto kwangu soksi, kulia kwangu chaja za simu, halafu anataka habari za mwaka huu. Hapa kitabu kipya ni kile ambacho jalada lake bado linaelewana na kurasa. Mwaka wangu hauletwi na mtambo wa kuchapa. Unaletwa na misiba, uhamisho na akina mama waliochoka kufuta vumbi. Mstaafu akifariki Upanga, wajukuu wananiletea maboksi kabla ya arobaini. Bwana akihamishiwa Dodoma, mkewe ananipigia nikayachukue "yale makaratasi" upesi, kabla bwana hajarudi kutoka kazini. Vilivyonifikia ndivyo vya mwaka huu, hata kama vilichapwa mimi nikiwa navaa kaptura ya shule.

Kwa hesabu hiyo, namba moja ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, kikatoka kitabu 1960. Mwandishi huyu Mzanzibari alikuja kuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*, na mtu anayeweza kupanga kifo kwa utulivu ule, kisha akashughulika na habari za mihogo, mimi namwogopa. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana haraka. Anavuta kiko, anamtega rafiki yake Najum kwa maswali, na Spekta Seif wa polisi anangoja aambiwe alichokuwa akikitazama muda wote. Wasomi wanasema kiko kile kimetoka kwa Sherlock Holmes. Sawa, kiko kimetoka London. Lakini mazungumzo ni ya barazani Unguja, na sijapata kuona Mwingereza anayejua kuzunguka jambo namna ile mpaka mwenye siri achoke mwenyewe aseme.

Tatizo ni nakala yenyewe. Ukurasa wa kwanza, juu kidogo ya jina la mwenye kitabu, mtu ameandika jina la muuaji kwa kalamu nyekundu. Na hakuliandika kwa kuibia. Amepiga mistari miwili chini yake, kama mwalimu anayesahihisha insha. Huyu alimaliza kitabu, akalala usingizi mnono, akaamka akaona si haki mwingine ahangaike kama alivyohangaika yeye.

Nasikia London kuna mchezo wa Agatha Christie, *The Mousetrap*, ulioanza kuchezwa 1952, na pazia likikaribia kufungwa watazamaji huombwa wasiende kumtaja muuaji huko nje. Wanaombwa, na wengi wanaitunza siri! Ulete mchezo ule hapa mjini uone. Kabla watu hawajatoka ukumbini, konda wa daladala iliyo nje anajua nani kaua, kwa nini, na alikuwa amevaa nini. Mimi nilibandika karatasi ya bei juu ya lile jina jekundu. Kila mteja akikishika kitabu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuibandua ile karatasi, aone kama chini yake kuna bei ndogo zaidi. Anasoma jina, anashtuka, anakirudisha kitabu, ananilaumu mimi.

Namba mbili ni *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, 1974. Mpelelezi wake, Willy Gamba, na Bwana Msa ni mbingu na ardhi. Gamba haketi barazani. Muda wa kuketi hana. Anapanda ndege, anatua Nairobi, anapiga watu, anapigwa, anaoga, anabadili suti, anaendelea. Katika *Kikosi cha Kisasi* wakampeleka Kinshasa, na huko nako hakupumzika. Nakipenda *Kufa na Kupona* kwa sababu zangu, lakini mwaka huu kimenitesa. Kuna kijana wa ofisi za jirani alikuwa anakisoma kwa awamu. Anakuja saa ya chakula cha mchana, anasalimia vizuri, "Shikamoo mzee," anasimama kwenye kivuli cha mwavuli wangu, anasoma. Muda ukiisha anakunja pembe ya ukurasa, ya kitabu changu, na kukirudisha chini kabisa ya rundo ili kisionekane. Akatokea dada mmoja, akakinunua bila hata kuomba apunguziwe. Kesho yake kijana amepekua rundo mpaka mwisho, akanyanyua uso, macho yamemtoka.

"Mzee, umekiuza kitabu changu?"

Nikamwambia pole. Ndiyo, mimi niliyeuza mali yangu nikampa pole! Akaniuliza yule dada anafanya kazi wapi. Alitaka akamwombe asimalizie kwanza.

Namba tatu naipitia haraka, kwa sababu watoto wa siku hizi hawaielewi hofu yake: *Simu ya Kifo* cha Faraji Katalambulla, 1965, na Inspekta wake Wingo. Wakati ule simu ilikuwa chombo cha mwenye nacho. Ikilia ndani ya nyumba, watu wote wanasimama. Mwambie kijana wa leo kwamba simu ilikuwa ikilia mtu anaogopa, atakwambia si aizime tu. Leo namba usiyoijua ikipiga ni watu wa mikopo ya mtandaoni wanamtafuta shemeji yako. Hapo mwenye kutamani kuua ni aliyepigiwa.

Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, ningempa namba anayoitaka mwenyewe, ila simwoni. Mtobwa aliandika, akaanzisha na Heko, kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji. Lakini tangu afariki mwaka 2008, kumpata Joram na mwenzake Nuru kwenye maboksi ya marehemu ni bahati nasibu. Watu hawaviuzi. Anayekuja na *Salamu Kutoka Kuzimu* mkononi haji kuuza, anakuja kunionesha. Ananikalia hapo, anasimulia alivyokipata, anakataa bei yoyote ninayoitaja, kisha anaazima kingine.

Na hapa ndipo ninapokasirika hasa. Wateja wa upelelezi ninao. Kondakta anaulizia, muuguzi anaulizia, askari polisi anaulizia, ingawa huyo anadai ni vya mdogo wake. Lakini mchapishaji ukimwambia habari ya riwaya ya upelelezi, macho yake yako kwenye kitabu cha kiada, maana kitabu cha kiada mnunuzi wake amelazimishwa na mtihani. Waandishi vijana wamehamia kwenye simu. Wanakutumia sehemu ya kwanza bure, shujaa anaingia chumba chenye giza, anasikia pumzi nyuma yake, halafu: tuma elfu moja uendelee. Huo nao ni ujambazi, ila siwezi kuwalaumu. Laiti ningejua kuuza ukurasa mmoja mmoja, ningekuwa na nyumba.

Vya Kiingereza vinanijia kwa boksi. Christie peke yake aliandika riwaya za upelelezi 66, kwa hiyo haishiwi. Mwaka huu namchagulia kimoja tu, *The Murder of Roger Ackroyd*, cha 1926. Ukiniuliza kwa nini hicho, sikujibu. Nimetaja jina tu na tayari naona mtu kule nyuma anafungua mdomo. Wewe wa kule nyuma, nyamaza, watu wana elfu tatu zao wanataka kutumia.

Adui wa mwisho wa biashara yangu ni karanga. Muuza karanga wa pale kona huchukua kwangu vitabu vilivyokufa, vya hesabu za zamani na taarifa za mikutano, afungie karanga zake. Mwaka huu mkono wake ukapitiliza mpaka kwenye rundo lisilo lake. Kuna riwaya sita nzuri ambazo zinakwenda vizuri mpaka mpelelezi anawakusanya watu wote sebuleni, anakohoa, anasema "Muuaji yuko humu ndani," na jalada la nyuma linakukaribisha. Kila jioni nanunua karanga kwake, nazikunjua karatasi, nasoma. Mpaka sasa nimepata ukurasa mmoja tu wa maana, na umetoboka kwa mafuta pale pale penye jina.

Juzi mama mmoja akashika moja ya zile sita. Ana tabia ya kuanzia mwisho, nimemfahamu kwa hilo. Akageuza, akapapasa, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

"Baba, hiki hakina mwisho. Nipunguzie."

"Mama, hicho ndicho cha bei ya juu. Vingine ukivimaliza vimekwisha. Hicho utakifikiria mpaka Pasaka."

Akacheka, akatoa elfu mbili, nikapokea haraka kabla hajaghairi. Kabla ya kuondoka akauliza kama ninacho kingine kama hicho, cha mumewe. Nikamwekea vyote vitano vilivyobaki, na bei nimepandisha.