Namna ya Kutembelea Hifadhi ya Arusha na Kurudi Bila Kuiona

Ondoka Arusha mjini saa tano asubuhi, ukishamaliza supu na chapati mbili. Wanyama waliamka alfajiri, lakini hilo ni shauri lao. Chukua IST ya shemeji, ile ambayo tumbo lake linasalimiana na kila tuta, mradi spika zinalia. Ukishapita Usa River kata kushoto, pandisha sauti, na usipunguze mpaka getini.

Getini utapewa control namba ulipie kwa simu. Hapo ndipo ukumbuke kwamba salio lote liko kwenye laini ya shemeji, naye amebaki nyumbani. Mtanzania hulipa kidogo, mgeni hulipa zaidi, na tofauti yake ni ya kumtia mgeni wivu. Wewe guna tu kwamba utalii ni wa matajiri.

Ukiingia kwa geti la Ngongongare utakutana na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo. Pundamilia wako pale, ngiri wamepiga magoti wanakula majani, nyati wanakutazama kama watu unaodaiwa nao. Usisimame. Shusha kioo umuulize askari wa kwanza utakayemwona: "Simba wako wapi?" Atakujibu kwa upole kwamba hifadhi hii haina simba. Muulize tena: "Hata mmoja?" Twiga watatu watakuwa wamesimama nyuma yake, lakini twiga ulishawaona kwenye kanga za mama.

Juu kwenye msitu wa Ngurdoto kuna mbega, weusi wenye mabega meupe ya manyoya marefu na mkia kama usinga wa chifu. Mbega hana kidole gumba cha maana, kwa hiyo hawezi kujipiga picha. Hukaa tu juu ya mti akitafuna majani na kuangalia bonde. Msikitikie, kisha mpe mgongo ujipige naye. Ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto lalamika kwamba hairuhusiwi kushuka chini, na kwamba nyati kule wanaonekana wadogo kama kunde zilizomwagika. Maziwa ya Momella yapite mbio. Ni ya magadi, kila moja na rangi yake, na flamingo wakiwepo huwa wamejaa ukingoni. Lakini kwa kweli ni maji tu, na maji hata bombani yapo, siku yakitoka.

Sasa mlima. Kupanda Meru kwa kawaida huchukua siku tatu au nne, kwa hiyo nunua raba nyeupe usiku wa kuamkia safari. Mpe mpagazi hotpoti, viazi vitamu, na jezi ya Simba ya kuvaa kileleni. (Huyo ndiye simba pekee utakayemwona huku, na akifika mita 4,566 atakuwa anatapika. Nayasema haya kama mshabiki wake wa damu.) Askari mwenye bunduki atatangulia. Usijisifu kwamba ni ulinzi wa kiongozi: bunduki ni kwa ajili ya yule nyati dume mzee aliyefukuzwa na kundi, anayejificha vichakani na hasira zake za kustaafu.

Usiku wa kwanza utalala kwenye vibanda vya Miriakamba, wa pili vya Saddle. Pale Saddle, mchana, wenzako watapanda Meru Ndogo na kushuka ili mwili uzoee hewa nyepesi. Wewe lala, unatunza nguvu. Kichwa kikianza kugonga, ukaulizwa unajisikiaje, sema ni usingizi tu. Mwongozaji amewasikia wengi wenye usingizi wa namna hiyo, na baadhi yao aliwarudisha chini wakiwa wamemwegemea begani.

Mtaamshwa saa saba usiku. Mtapita Rhino Point, inayosemekana iliitwa hivyo kwa mifupa ya faru iliyookotwa pale, na utajiuliza faru alikuwa anatafuta nini huko juu. Swali zuri. Jiulize na wewe.

Kukipambazuka, mashariki Kilimanjaro itatokeza juu ya mawingu kama kisiwa, jua likitoka ubavuni mwake. Chini yako, ndani ya ule upande wa mlima uliobomoka zamani, utaona kilima cha majivu, cheusi, kimechongoka kama chungu kilichopinduliwa. Hapo hapo toa simu, utafute mtandao. Itakuonyesha asilimia arobaini, kisha itazimika, maana betri haipendi baridi ya namna ile.

Utabaki umesimama, mikono mitupu, huna la kufanya ila kuangalia. Ni dakika ngumu, lakini hupita. Askari ana kasimu kake ka batani, anakatunza ndani ya koti karibu na kifua. Muombe umpigie shemeji, umwambie simba hatukumwona.