Sifa za Mabano Ndani ya Mabano

Punda amesifiwa, mnazi umesifiwa, hata kunguru wa Zanzibar hakosi wa kumtetea. Leo zamu ni ya mabano: yale yanayoteremka kwenye kioo kama mvua ya masika pale swichi inapoombwa taarifa zake kwa JSON.

Zamani fundi wa mitandao aliandika amri, ruta ikamjibu kwa maandishi ya safu, naye akayasoma kwa macho yake. Uzembe mtupu! Siku hizi anayeuliza ni skripti ya Python, na jibu huja limekunjwa, kamusi ndani ya orodha, orodha ndani ya kamusi, mfano wa kasha la Kizanzibari ambalo dhahabu ya bibi haikai kamwe katika saraka uliyoifungua.

Tazama adabu za chombo kiitwacho Ansible. Unaitumia swichi ya Cisco amri moja, na jibu hilo moja linarudi limepangwa foleni peke yake, ndani ya orodha, likiitwa namba sifuri. Ukilisahau hilo sifuri, hupati kitu. Ukitaka mstari mmojammoja, unapewa orodha ndani ya orodha. Heshima iliyoje kwa jibu la mistari mitatu!

NAPALM, maktaba ya Python, nayo ina hekima zake. Iulize anwani za IP za poti zote. Utapata jina la poti, ndani yake "ipv4", na ndani zaidi utaitafuta anwani ikiwa thamani. Huikuti, kwa kuwa anwani yenyewe ndiyo ufunguo, na kinachofichwa nyuma yake ni urefu wa kiambishi cha mtandao. Yaani mwenye kuitafuta anwani kwa ufunguo, sharti awe nayo tayari mkononi.

Lakini taji nawavika Nexus, swichi za Cisco. Waulize majirani wao kwa itifaki ya CDP, nao watakupa ufunguo unaoanza na TABLE_, na ndani yake mwingine unaoanza na ROW_. Majirani wakiwa wengi, ROW_ ni orodha. Akiwa mmoja, kwa kawaida orodha inatoweka na kubaki kamusi peke yake. Chanzo ni XML iliyo chini ya JSON hiyo: huko kitu kimoja na orodha yenye kitu kimoja huandikwa sawasawa. Wapo wanaoiita kasoro. Mimi naiona ni falsafa: jirani mmoja ni mtu, majirani wawili ni kikao.

Na falsafa hiyo inajua kuchagua wakati! Skripti itakwenda miezi mingi bila kikohozi, majirani wakiwa wawili. Siku kebo moja ikikatika, akabaki mmoja, umbo la jibu linabadilika palepale. Kitanzi kinaanza kuzunguka majina ya funguo badala ya majirani, na Python inalalamika kwamba umeomba ufunguo kutoka kwa maandishi. Chombo ulichokiweka kikuarifu kebo imekatika kimeanguka kwa sababu kebo imekatika.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuzungusha kitanzi chochote juu ya ROW_, uliza kwanza aina yake. Ukikuta ni kamusi, itie wewe mwenyewe ndani ya mabano ya mraba, iwe orodha ya mmoja. Ndiyo, dawa ya mabano ni kuongeza mabano.